Karani Aliyesoma Masharti Yote

Karani alikuwa na desturi ya kusoma kile ambacho kimeandikwa ili kisisomwe. Nazungumzia yale maneno madogo yanayojitokeza kwenye simu kabla hujaruhusiwa kufanya jambo lolote, ambayo mwisho wake pana kitufe cha Nakubali. Mimi nimekubali mengi maishani kwa kitufe hicho na sijui hata moja. Yeye alivaa miwani, akavuta kiti dirishani, akasoma.

Siku moja dada mmoja muuza mitumba alimletea simu mpya amwekee programu ya kutumiana ujumbe. Aliileta saa nne asubuhi. Saa saba mchana Karani alikuwa kifungu cha kumi na tisa.

"Mzee, si unabofya tu?" dada akauliza.

"Nimefika mahali wanaposema wanaweza kuyabadilisha masharti haya wakati wowote wakitaka," Karani akasema bila kuinua kichwa. "Kwa hiyo haya ninayosoma huenda si yenyewe tena. Lakini ngoja nimalize, tuwe na picha."

Dada akaenda kuuza nguo zake. Aliporudi jioni Karani alikuwa amemaliza na amekunja miwani.

"Shauri langu, usikubali."

"Nisipokubali inakuwaje?"

"Haifanyi kazi."

"Basi kubali, mzee."

Karani akabofya. Kisha akafungua daftari lake kubwa, akaandika tarehe, aina ya simu, na kwamba mteja amekubali akiwa na akili timamu, baada ya kushauriwa vinginevyo. Akamwomba dada asaini. Dada akasaini.

Tulitumia chumba kimoja cha biashara pale Korogwe, hatua chache kutoka stendi, kwa miaka kumi na moja. Upande wangu ulikuwa wa picha, kopi na laminesheni. Upande wake palikuwa na meza, kompyuta aliyoifunika kwa kitambaa cha kufuma kila alipoondoka, na kiti cha mteja. Alikuwa amestaafu posta, ambako alikuwa karani maisha yake yote ya kazi, na watu wakaendelea kumwita Karani kana kwamba amezaliwa na jina hilo. Walimletea fomu za ajira, maombi ya vyuo, taratibu za vyeti vya kuzaliwa, na barua za kila namna kwa wale ambao mkono wao haukuzoea kalamu. Alinisalimia kila asubuhi kwa cheo. Sikumbuki kama aliwahi kuniita jina.

"Mpiga picha, umeamkaje?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fungua dirisha, nina masharti mapya hapa."

Alikuwa na maoni juu ya mtandao, na yote aliyapima kwa posta. Hakuwa na kipimo kingine. Kwake dunia iligawanyika katika watu watatu: anayeandika, anayeandikiwa na anayebeba. Anayebeba hana maoni. Hana macho. Akishaanza kuwa na macho, alisema, huyo si mbebaji tena, ni mtu wa nne ambaye hakualikwa.

"Hawa wa mitandao ni wabebaji," aliniambia. "Lakini wanafungua, wanasoma, halafu wanakuuliza kama ungependa kununua viatu, kwa sababu jana ulimwandikia dada yako kwamba vyako vimechanika."

"Lakini ni bure, mzee."

"Hapo ndipo penyewe. Sisi tulitoza stempu. Watu walilalamika stempu, lakini stempu ilikuwa heshima yao. Ukishabandika stempu umemalizana na mimi, sina la kukudai, sina sababu ya kukuchungulia. Mtu akikubebea bure maisha yako yote, jiulize anakula nini."

Hadithi aliyopenda kuisimulia ilikuwa ya meneja wa shamba la mkonge. Karani alikuwa kijana, amewekwa peke yake kwenye kiposta kidogo ambacho kiliwahudumia wafanyakazi wa mashamba. Vibarua walikuwa wanaandikiana kutoka kambi hadi kambi kuhusu ujira, wanapanga kugoma. Meneja akaja na gari, akataka aoneshwe barua zao. Hakutaka kuchukua, alisema, kutazama tu nani anamwandikia nani. Bahasha kwa nje.

"Nikamwambia, bwana mkubwa, hata bahasha kwa nje ni barua. Ukijua nani anamwandikia nani, ya ndani huyahitaji sana. Akaniambia atanifukuzisha kazi. Nikaangalia saa, nikamwambia ni wakati wa chakula cha mchana. Nikafunga ofisi, nikaenda kula."

"Ukala kweli?"

"Nikala hadi saa kumi. Yeye alisimama nje kwenye jua. Alikuwa na mwavuli, lakini aliuacha kwenye gari, nadhani aliona aibu kwenda kuuchukua."

Hakufukuzwa. Alihamishwa, na alipohamishwa aliona ni adhabu ndogo kuliko chakula kilivyokuwa kizuri siku ile.

Kwa hiyo walipokuja vijana wa kampuni fulani Kwedizinga, kijijini kwa mkewe, wamevaa fulana za rangi moja, kuwaandikisha wakulima kwenye programu ya simu, mtu alimfuata Karani Korogwe kwa pikipiki. Vijana walikuwa wanachukua alama za vidole, picha ya uso na mipaka ya shamba, na kila aliyeandikishwa anapewa kofia. Karani akafika, akaketi mbele, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Kidole changu kikishachukuliwa, kinakwenda wapi?"

"Kinahifadhiwa kwenye seva, mzee."

"Seva iko wapi?"

"Iko nje."

"Nje ya wapi?"

Kijana akamtazama mwenzake. "Nje tu, mzee."

"Nikitaka kukirudisha, namfuata nani huko nje?"

Walimpa kofia. Aliivaa hadi ikafifia. Wakulima wengi waliandikishwa vilevile, maana kofia zilikuwa nzuri. Karani hakuwalaumu. Alisema amewauliza ili swali liwepo tu, siku likihitajika wasiseme halikuulizwa.

Sitaki msomaji adhani alikuwa mtu wa msimamo mmoja. Mtu huyu aliyesoma masharti hadi nukta ya mwisho alikuwa mwanachama wa makundi kumi na manne ya ujumbe, na kila asubuhi aliyatumia yote picha ya waridi yenye maneno ya baraka. Alitusambazia habari kwamba kitunguu kibichi kwenye soksi huondoa homa. Nilipomuuliza kama amechunguza, alisema ametumiwa na mtu anayemheshimu. Aliipenda ramani ya simu kuliko kitu chochote kilichopata kutengenezwa, na akienda sokoni, ambako amekwenda miaka arobaini, aliiacha ile sauti ya mwanamke imwelekeze apinde kushoto. Nilimkumbusha kwamba kampuni inajua alipo.

"Najua," akasema. "Lakini mama huyu ana adabu."

Halafu kulikuwa na nywila. Watu walisahau nywila zao, wakagundua kwamba Karani hasahau, wakaanza kumwekesha. Hakuziandika popote, alizibeba kichwani. Humo mlikuwa na nywila za sheikh mmoja, mchungaji mmoja, walimu, wauza mchele na nusu ya akina mama wa kikoba cha akiba. Sikuwahi kumsikia akitaja hata moja. Alichosema tu, akiwa anakunywa chai, ni kwamba nusu ya Korogwe hufungua simu zao kwa jina la mtu ambaye hawaishi naye.

Jambo lililomfanya ajulikane hadi Handeni lilianza na picha, na picha ilikuwa yangu.

Kulikuwa na mama mmoja wa Mazinde aliyesuka vikapu vya katani. Babu yake aliletwa kukata mkonge kutoka mbali, na yeye akabaki na nyuzi tu za kazi ile, akizigeuza vikapu vya kuuza Mombo na Korogwe. Tulimwita Mama wa Vikapu. Alikuja kupiga picha ya pasipoti kwa ajili ya kikundi chao. Nilipomaliza kumpiga ile ya kukunja uso, Karani akasema kitu kutoka upande wake, Mama akageuka akacheka, na mimi nikabonyeza. Ilitoka picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Jino moja halipo, macho yamejaa, mwanga wa dirisha umemkaa shavuni. Nikaiweka kwenye ukurasa wa duka langu mtandaoni: Njoo upendeze hivi. Watu wengi waliipenda. Nikasahau.

Baada ya miaka miwili hivi, Mama alikuja asubuhi, hakubeba vikapu. Alimwekea Karani simu mezani, akabaki amesimama.

"Mzee, shikamoo. Nisomee hapo. Nimeambiwa ni mimi."

Lilikuwa tangazo. Uso wake, kicheko kilekile. Walimpa jina jingine na mkoa mwingine. Maneno yalisema: Niliteseka na sukari miaka tisa. Sasa nimetupa vidonge vya hospitali, nakula ninachotaka. Chini yake palikuwa na picha ya kopo la unga wa kijani.

Karani akamsomea yote, pamoja na nukta.

"Una sukari, Mama?"

"Sina. Mwenye sukari ni wifi yangu, yuko Misima."

Akaketi ndipo, akasimulia. Wifi yake aliliona tangazo kwenye simu ya binti yake. Alimtambua mara moja. Akaumia rohoni: kumbe ndugu yangu alikuwa mgonjwa kama mimi, amepata dawa, na amenificha. Kwa hasira hakumuuliza. Aliagiza kopo, akaacha vidonge vya kituo cha afya, akanywa ule unga kwa miezi. Kidonda kikamtoka mguuni. Alipokubali kupelekwa hospitali, mguu ulikatwa chini ya goti.

"Nilikwenda kumwona juzi," Mama akasema. "Nimebeba uji. Ananitazama, ananiambia, dawa yako haikunifaa."

Karani alikuwa bado anaitazama simu. Kisha akainua macho, akalitazama pazia la bluu nyuma ya kiti changu cha kupigia picha, pazia ambalo niliwahi kuliunguza kwa pasi likabaki na alama pembeni. Akaitazama simu tena. Alama ilikuwepo, juu ya bega la Mama.

"Mpiga picha," akaniita kwa upole. "Njoo uone."

Nilikuwa nimeshaona. Nilikwenda hivyo hivyo.

"Waliitoa wapi?"

"Kwenye ukurasa wangu."

"Ulimwomba Mama?"

"Nilidhani..." nikaanza. Mama alikuwa ananitazama bila ugomvi, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ilikuwa picha nzuri," nikasema.

"Ni nzuri," Mama akakubali. "Hata mimi sijawahi kujiona hivyo."

Karani hakunikemea. Alivua kitambaa kwenye kompyuta, akaanza kuandika malalamiko kwa kampuni ya mtandao iliyokuwa inasambaza tangazo lile, mtandao mkubwa ambao sisi sote tumo. Nilisoma nyuma ya bega lake. Aya ya tatu ilisema: Picha hii ilipigwa na mpiga picha wa Korogwe, ambaye naye aliitangaza bila kuomba ruhusa ya mhusika.

"Mzee, hiyo aya toa. Watasema hata sisi tulifanya."

"Tulifanya."

"Lakini mimi sikuuza unga."

"Hukuuza. Uliuza pasipoti." Akaendelea kuandika. "Ukitaka aya itoke, kaa pale umwandikie Mama barua yako. Nikiiona, naitoa."

Nikakaa. Ilinichukua asubuhi nzima na ilikuwa na mistari mitatu. Karani alirekebisha sarufi. Mama hakusubiri kusomewa, alinyoosha mkono akaichukua, akaikunja, akaiweka kwenye fundo la kanga. Akaniambia, "Haya, baba." Aya ikatoka.

Majibu ya kampuni yalikuja kabla chai haijapoa: Asante kwa kutufahamisha. Tumelichunguza tangazo hili na kuona kwamba halikiuki miongozo ya jumuiya yetu.

"Jumuiya ipi?" Karani akauliza. "Mama, wewe ni mwanajumuiya?"

"Ya hapo Mazinde tu, ya kanisani. Tunasali Jumamosi."

Karani akajibu: Kwako Ndugu Mchunguzi. Mhusika anasema jumuiya yake ni ya Mazinde na hawakukaa kikao. Jibu likaja tena, lilelile, neno kwa neno. Alihesabu muda kwa saa yake ya mkononi. Alisema kazini kwake kuhakiki sahihi moja ya mtu anayemfahamu kulimchukua muda mrefu kuliko hapo, na alikuwa mwepesi.

Aliandika kila Jumatatu. Aliwanukulia masharti yao wenyewe, kifungu kwa kifungu, yale waliyoahidi kuhusu picha za watu na kuhusu dawa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kuwatendea kana kwamba waliyaandika kwa dhati. Kwa kuwa aliyasoma hadi mwisho, alijua kwamba chini kabisa, baada ya kila kitu, palikuwa na anwani ya posta ng'ambo. Akaandika barua ya karatasi, akaituma kwa rejesta. Jibu halijaja hadi leo. Ila ile kadi ya kuthibitisha mapokezi ilirudi ikiwa imesainiwa, na siku ile Karani hakufanya kazi nyingine. Alinionesha sahihi ile mara tatu.

"Kuna mtu," alisema. "Amesaini kwa wino."

Wakati huohuo kule Misima watu walikuwa bado wanauagiza unga. Karani akasema kampuni ina muda wote wa dunia, vidonda havina. Nikachapa lile tangazo kubwa, nikalitia laminesheni, tukaenda na Mama siku ya gulio. Mama hakuwa msemaji. Alisimama karibu na wauza nyanya, ameshika uso wake mikononi, Karani pembeni yake na ile kofia iliyofifia.

"Huyu ni nani?" Karani akauliza watu.

"Si ndiye huyo mama?"

"Mama, uliwahi kuugua sukari?"

"Sijawahi."

"Uliwahi kuunywa unga huu?"

"Siujui hata harufu."

Mzee mmoja mwenye kopo lake mfukoni akasema kwa sauti, "Huenda alipona, ndiyo maana hana."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikaona tumeshindwa. Karani alifungua mdomo, na sijui angesema nini, kwa sababu hapo wifi alifika. Waliambiwa nyumbani kwake kwamba Mama yuko gulioni anaikana ile dawa, akataka apelekwe. Alikuja nyuma ya baiskeli, anasukumwa na binti yake. Akashushwa, akashikiliwa, akaitazama ile picha, halafu akamtazama Mama aliyeishika, muda mrefu.

"Kwa hiyo hukuwa na dawa," akasema.

"Wifi, ningekuwa nayo ningekunyima?"

Wifi akawageukia watu. Akapandisha kanga kidogo, pale mguu unapokoma, akaiachia. "Mimi nilikunywa makopo saba," akasema. "Mwenye swali aje aniulize mimi, msimsumbue huyu."

Mama akaliweka bango chini, akaenda kumshika. Hawakulia, au walilia kwa namna ambayo watu wa gulioni hawakuiona. Wiki ile kituo cha afya kilikuwa na foleni. Yule mzee wa kopo hakuwemo.

Mwezi wa nne kampuni ilituma taarifa kwamba tangazo limeondolewa. Karani alimpigia simu Mama aje asomewe, hakutaka kumsomea kwenye simu. Sababu ya kuondolewa ilikuwa imeandikwa: picha iliyotumika haikufikia kiwango cha ubora kinachotakiwa.

Mama akafikiri. "Kwa hiyo si kwa sababu ni uongo."

"Hapana."

"Ni kwa sababu ya sura yangu."

"Ni kwa sababu ya picha," nikasema mimi, na ndiyo mara pekee niliyomwona Karani akicheka hadi akavua miwani. Mama naye akacheka, lakini safari hii nilikuwa nimeiweka kamera mbali.

Haukupita mwezi, unga uleule ukarudi na mzee mwenye kofia ya kiua, anatabasamu, naye amepona. Karani aliutazama uso ule kwa makini.

"Huyu simfahamu," akasema. "Lakini mahali fulani ana mpiga picha wake." Akavua kitambaa kwenye kompyuta.

Mkewe alifariki mwaka uliofuata, na macho ya Karani yakaanza kuingia ukungu. Binti yake akamchukua Handeni mjini. Nilibaki na chumba chote, nikaweka mashine ya pili ya kopi pale palipokuwa na meza yake. Nilikwenda kumwona kiangazi kilichopita. Nilimkuta amekaa barazani juu ya kiti cha plastiki, ameelekea sauti ya barabara. Alinitambua kwa hatua.

"Mpiga picha. Umenenepa."

"Shikamoo, mzee. Umejuaje?"

"Marahaba. Unakanyaga vibaya."

Tulizungumza habari za Korogwe. Kisha nikamwambia nilichokuja kumwambia: kwamba nataka kuandika habari zake, na nimekuja kumwomba kwanza. Kuku alipita katikati yetu, akapewa muda wa kupita.

"Utaandika nini?"

"Masharti. Meneja wa mkonge. Mama wa Vikapu. Ulivyotunza siri za watu."

"Jina usiweke."

"Sitaweka."

"Na hilo la siri, ukiliweka, kuna jingine uliweke pamoja nalo. Vinginevyo nakataa." Alikuwa anazungumza kwa ile sauti yake ya kusoma vifungu. "Kuna barua moja niliifungua."

Nikamsogelea.

"Mke wangu unamkumbuka."

"Namkumbuka. Mama wa Kwedizinga."

"Alikuwa bado msichana. Mimi nilikuwa karani mpya, nampenda, naye ananisalimu tu. Kulikuwa na kijana aliyekuwa kibarua Mazinde, akahamia Morogoro. Ikaja barua yake kwa huyu msichana. Mwandiko mzuri sana. Niliiweka juu ya mvuke wa birika, ofisini, nimefunga mlango."

"Ilisema nini?"

"Kwamba atashuka Korogwe Alhamisi, amngoje stendi. Asipomwona atajua ndilo jibu lake, hatamsumbua tena. Nikaifunga vizuri. Nikaipeleka Jumatatu iliyofuata."

Binti yake alitoka ndani na vikombe vya chai, akaviweka, akarudi. Karani alisubiri mlango ufungwe.

"Hakujua?" nikauliza.

"Aliniuliza mara moja. Tulikuwa tumeshapata mtoto wa pili, alikuwa anapepeta mahindi. Akasema, hivi ile barua ilichelewa kwa nini? Nikamwambia mvua ilikata barabara."

"Mvua ilikuwepo?"

"Ilikuwa kiangazi. Na yeye alijua ilikuwa kiangazi. Akasema, aah. Akaendelea kupepeta."

Alitafuta kikombe kwa mkono, nikamsogezea.

"Tuliishi vizuri," akasema. "Hilo nalo andika, lakini usiliweke mwisho kama utetezi. Mwenye barua amekufa, sina namna ya kumwomba ruhusa. Aliyeiandika yuko hai. Wajukuu zake humweka mtandaoni kila Idi, amekaa, amevaa kanzu. Miaka mingi nimemwona, kabla ya ukungu huu. Una karatasi?"

Nilikuwa na daftari. Nikamwambia tunaweza kumpata sasa hivi kwa simu, kupitia hao wajukuu, barua ingefika kabla hatujamaliza chai.

"Hapo nitakuwa nimeiandikia kampuni," akasema, "na wao wampe nakala. Andika kwa kalamu."

Aliitamka polepole. Sitaiweka hapa, ilikuwa ya mtu mwingine. Ilijaa ukurasa mmoja na hakukuwa na mvua ndani yake. Nikamsomea mara mbili. Akanyoosha mkono, nikamshikisha kalamu na kumwekea ncha mahali pa kusaini, naye akasaini sahihi yake ndefu ya posta, ikapanda juu kidogo upande wa kulia. Binti yake alikuwa na bahasha. Nikaandika anwani aliyonitajia, sanduku la posta la msikiti wa mtaa anaoishi yule mzee, nikaikunja karatasi, nikaitia ndani.

Karani alikuwa amegeuza kichwa, anasikiliza mikono yangu.

"Gundi ipo?" akauliza.

"Ipo, mzee."

"Weka nyingi."